Umeapdeti seva sawa, umeristati?

Hili jambo linanikera sana na nimelikuta tena wiki hii. Mtu anaingia kwenye seva, anapiga apt upgrade, OpenSSL mpya (laibrari, yaani msimbo wa pamoja ambao programu nyingi hutumia kusimba mawasiliano) inashuka bila erro hata moja, anaandika "tayari" anaenda zake kulala. Ukimuuliza je, huduma umeziristati? Kimya.

Iko hivi, programu ikiwaka inabeba laibrari zake kwenye memori, sasa apdeti inapokuja inaweka faili jipya kwenye diski na kuliondoa jina la lile la zamani, ila Linux hailitupi lile la zamani maadamu kuna prosesi bado imelishikilia. Kwahiyo ukiangalia vesheni unaona mpya kabisa, na huku huduma inayopokea watu wa intaneti inaendelea na ile mbovu ya jana, tundu la usalama lilelile.

Mimi nilijifunza kwa Heartbleed, tundu la OpenSSL lililotangazwa Aprili 2014. Lile tundu lilimruhusu mtu wa nje achote hadi kilobaiti 64 za memori kwa kila ombi, na arudie anavyotaka, nywila na hata funguo za siri za cheti zinaweza kutoka humo. Niliapdeti mapema, nikaristati seva ya wavuti, nikatulia, kumbe huduma ya barua pepe nayo inatumia OpenSSL hiyohiyo na sikuigusa. Siku tatu nzima ilikuwa wazi!! Mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma, maana zilikuwa barua za watu walioniamini.

Tangu hapo simalizi kazi bila kuangalia ni huduma zipi bado zimeshikilia laibrari ya zamani. Kwenye Debian na Ubuntu kuna needrestart (nayo iapdeti, 2024 ilikutwa na matundu yake), ukoo wa Red Hat wana needs-restarting, SUSE wana zypper ps. Usipokuwa na hizo, piga lsof (inaorodhesha mafaili yanayoshikiliwa na prosesi) kama root utafute DEL, yaani faili lililofutwa, kwenye mistari ya laibrari. Ikiwa iliyobadilika ni glibc, laibrari ya msingi ya Linux, usihangaike na huduma mojamoja, karibu kila kitu kinaitumia, buti mashine nzima. Na kontena ni habari nyingine, laibrari iko ndani ya imeji (kifurushi ambacho kontena inawashwa kutoka humo), bila kujenga imeji upya utaristati mpaka uchoke.

Najua wengi wanaogopa, "ikikataa kuwaka je?" Naielewa hofu hiyo lakini siikubali, kwasababu seva hiyo ipo siku itazimika tu, umeme au diski, na ni heri igome saa uliyochagua wewe ukiwa macho na bakapu mkononi kuliko saa tisa usiku.

Halafu kwenye nginx, ile seva ya wavuti, kuna wanaosema "mi nime-reload inatosha". Haitoshi! Ukifanya reload ile prosesi mama haifi, inazaa wafanyakazi wapya wanaorithi laibrari ileile ya zamani. Restart kamili ndugu zangu, kisha piga lsof tena.