Asilimia 50 ni ukuta wa nani?

Juzi alinipigia rafiki yangu wa Patna, jimboni Bihar nchini India, tuliyepanga naye chumba nilipokuwa nasoma Pune. Anatafuta ajira ya serikali tangu tulipoagana. Kila tangazo la kazi likitoka, kesi kuhusu nafasi zinazotengewa matabaka inalifuata mahakamani, na watu wanakaa kusubiri. "Kaka, mimi nazeeka, kesi hazizeeki," akaniambia. Sikupata la kumjibu.

Mwaka 1992, katika kesi ya Indra Sawhney, Mahakama ya Juu ya India ilikubali tabaka za nyuma, yaani zile za chini zilizoachwa nyuma kijamii na kielimu, zitengewe asilimia 27 ya ajira za serikali kuu, pamoja na 15 za Wadalit (walioitwa wasioguswa) na 7.5 za Waadivasi (makabila ya asili). Ila jumla isivuke 50, isipokuwa kwa hali ya kipekee kabisa. Tangu hapo hiyo 50 imewafungia watu mlango. Wamaratha, jamii kubwa ya jimbo la Maharashtra, walinyimwa nafasi zao mwaka 2021. Bihar wakahesabu watu wao, wakakuta tabaka za nyuma peke yake zinapita asilimia 63, wakapandisha nafasi hadi 65. Juni 2024 Mahakama Kuu ya Patna ikafuta.

Sasa tazama. Mwaka 2019 Bunge lilitenga asilimia 10 kwa maskini wasio wa makundi hayo, yaani hasa watu wa tabaka za juu. Jumla ikavuka 50. Novemba 2022 majaji watatu kati ya watano wa Mahakama ya Juu wakasema kikomo kile kinaweza kulegezwa! Na mwenye familia yenye kipato chini ya rupia laki 8 kwa mwaka anahesabiwa maskini, lakini Mdalit asiye na hata laki moja haruhusiwi kuomba nafasi hizo, kwa sababu ni Mdalit. Jaji Mkuu Lalit na Jaji Bhat walipinga. Mimi nipo upande wao. Umaskini unaochagua ukoo siuelewi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ndani ya tabaka za chini wapo walioshiba wanaokula fungu la wenzao. Hukumu ya Agosti 2024, iliyoruhusu majimbo kugawa nafasi za Wadalit ili waliosahaulika nao wapate, ni ya haki. Wanaolia kwamba nafasi za kutengewa zinawapa kazi wasio na uwezo wakumbuke kuwa hawa nao wanafanya mtihani.

Rafiki yangu siku hizi anafundisha tuisheni jioni. Wanafunzi wake wanajiandaa kwa mitihani ileile anayoisubiri yeye, na mwakani anafikisha kikomo cha umri.