Ardhi ya viwanda vilivyokufa: Kawe, Urafiki na saini ya kubadili matumizi

Kituo cha mabasi ya mwendokasi kilichopo kati ya Shekilango na Tip Top, Dar es Salaam, kinaitwa Urafiki. Mwanafunzi anayepandia hapo asubuhi analijua neno hilo kama jina la mahali. Babu yake alilijua kama jina la mwajiri. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilijengwa kwa msaada wa China, kikafunguliwa mwaka 1968, na khanga na vitenge vyake vilivaliwa Kigoma mpaka Mtwara. Upande mwingine wa jiji, Kawe, lipo jina la aina hiyohiyo: Tanganyika Packers. Hapo ng'ombe waliingia kwa miguu yao wakatoka ndani ya makopo, na sehemu ya makopo hayo ilipanda meli kwenda Uingereza. Kiwanda kilikufa, na kwa miaka mingi wakazi wa jiji waliujua uwanja wake kwa mikutano mikubwa ya injili kuliko kwa nyama ya kopo.

Sasa Kawe inajengwa. Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, lilichukua zaidi ya ekari 260 za Tanganyika Packers kwa mpango wa kujenga mji ndani ya jiji. Mradi wa Samia Housing Scheme umeanza hapo na nyumba 560. Jirani yake upo mradi wa 711 wenye nyumba 422, ambao ulisimama miaka kadhaa kwa shida ya fedha kabla ya mafundi kurudi kazini. Kinachotokea Kawe kitatokea kwingine, kwa sababu Dar es Salaam imejaa ardhi ya namna hii: Ubungo, Chang'ombe, Barabara ya Nyerere, Mikocheni. Viwanda vilivyojengwa pembezoni mwa mji miaka ya 1950 na 1960 leo viko katikati yake.

Wanaotaka ardhi hiyo ijengwe upya wana hoja nzito, na nasema hivyo nikijua kwamba wengi wetu tunaoupenda mji wa zamani hatupendi kuzisikia. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wengi wao hawakupata pa kukaa Kawe wala Ubungo. Walikwenda Chanika, Msongola, Bunju na Kibamba, wakanunua kiwanja kwa mwenyeji, wakajenga, kisha wakaanza kusubiri bomba la maji, nguzo ya umeme na barabara. Anayeishi huko na kufanya kazi Posta, katikati ya mji, anatoka nyumbani kabla ya alfajiri na kurudi watoto wamelala. Wakati huohuo ekari mamia kando ya lami, zenye bomba na umeme mlangoni, zinaota magugu. Kuziacha hivyo ni gharama, hata kama hakuna anayeletewa bili.

Tena ardhi ya kiwanda ina sifa adimu katika mji huu: mara nyingi ina hati moja na mmiliki mmoja. Atakaye kujenga upya mtaa wa makazi lazima kwanza awahamishe watu, na tunajua safari hiyo ilivyo. Wakazi wa Magomeni Kota, kaya 644, walivunjiwa nyumba mwanzoni mwa miaka ya 2010 na kutawanyika mjini wakihesabu miaka. Majengo mapya yalizinduliwa Machi 2022. Hao walibahatika, maana ahadi yao hatimaye ilitimizwa. Waliofariki katikati ya kusubiri hawakuiona. Ukijenga kwenye kiwanda kilichofungwa, kwa kawaida unaepuka machozi hayo.

Lakini wapo wanaosema ardhi ya viwanda ibaki ya viwanda, na wanakosewa haki wanapoitwa watu wa kuililia zamani. Angalia ramani. Kiwanda cha Urafiki kiliwekwa pale, na Manzese, Mabibo na Ubungo zikajaa watu waliokwenda kazini kwa miguu. Kiwanda kikihamia Zegereni, Kwala au Mkuranga, mkoani Pwani, ajira haipotei kwenye takwimu za taifa, lakini inampotea mama wa Manzese ambaye nauli ya kwenda na kurudi itakula sehemu kubwa ya ujira wake. Na mpango miji una jambo moja lisilorudi nyuma: kiwanja cha karakana kikishakuwa cha fleti au cha maduka, bei yake inapanda mpaka hakuna fundi atakayekigusa tena.

Hapo nataka kukaa kidogo, maana ndipo mjadala wetu unapopita haraka. Tunaposema kiwanda, wengi wanawaza bomba refu la moshi na ving'ora vya zamu. Wanaohitaji jengo la kazi mjini leo ni wadogo zaidi. Ni maseremala wa Keko wanaopanga vitanda na makochi kando ya barabara kwa sababu ndani hapatoshi. Ni anayesaga karanga, anayeoka mikate, anayemimina sabuni, anayeshona viatu kwenye chumba cha uani. Mtengenezaji wa siagi ya karanga anayetaka alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, anatakiwa kuwa na jengo linalokidhi masharti: sakafu inayosafishika, maji, hewa, sehemu ya malighafi iliyotengwa na ya bidhaa. Jengo hilo halipati kwa kodi anayoiweza. SIDO, shirika la umma la kuhudumia viwanda vidogo, ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu kama hawa, na hadi leo mitaa yake ya viwanda vidogo ni michache ukilinganisha na wanaobisha hodi. Kisha tunavunja banda lenye paa la juu, sakafu ya zege na umeme wa njia tatu, na mwaka unaofuata tunaandaa semina ya kuwawezesha wajasiriamali.

Kuna hoja ya afya, na hii inakata pande zote mbili. Viwanda vya nguo vilimwaga maji ya rangi kwenye vijito vinavyoingia Mto Msimbazi, na hakuna mzazi anayetaka kiwanda cha namna hiyo nyuma ya nyumba yake. Mombasa walijifunza kwa uchungu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakaingia kwenye vumbi, kwenye maji na kwenye damu ya watoto. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya na udongo usafishwe, na kesi ikaendelea kupanda hadi Mahakama ya Juu.

Kwa hiyo, ndiyo, viwanda vichafu viondoke kwenye makazi. Ila Owino Uhuru inasema pia kwamba kufunga geti si mwisho wa kiwanda. Risasi haiozi. Kilichomwagika miaka ishirini kinabaki chini ya nyasi, kikimsubiri mtoto wa mnunuzi wa fleti ya ghorofa ya chini anayechezea udongo. Kiwanda cha nyama hakina hatari sawa na kiwanda cha betri au cha ngozi, na majengo mengi ya zama hizo yana paa za asibesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, zinazohitaji kuvunjwa kwa utaratibu wake. Kila eneo lina historia yake. Mnunuzi anayeoneshwa picha za jikoni na balkoni ana haki ya kuoneshwa pia majibu ya maabara ya udongo, na mimi nisingelipa hata shilingi ya kushika nafasi kabla ya kuyasoma.

Urithi nao una neno lake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyofuata yanategemea tangazo la Waziri. Maana yake ni kwamba historia nzima ya mfanyakazi wa Tanzania, kuanzia karakana za reli hadi viwanda vya Azimio la Arusha, iko nje ya kinga hiyo mpaka mtu aamue vinginevyo. Tunayo sheria ya kulinda gofu la msikiti wa Kilwa, jambo ninalolifurahia, lakini ukumbi ambamo maelfu ya watu walifuma nguo za taifa changa unaweza kuvunjwa kwa wiki moja.

Wengine watasema tufanye kama Nafasi Art Space kule Mikocheni, ambako tangu mwaka 2008 wasanii wanafanya kazi ndani ya eneo la viwanda vidogo, au kama The GoDown Arts Centre ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2003 ndani ya godauni la Industrial Area. Hata China iliyotujengea Urafiki ina mfano wake: Shanghai, kiwanda cha nyuzi cha Barabara ya Moganshan kiligeuzwa karakana za wasanii zinazojulikana kama M50. Nayaheshimu haya yote. Yanathibitisha kwamba jengo la zamani linaweza kupata maisha mapya bila kubomolewa. Lakini tusijidanganye kuhusu ukubwa wake. Karakana ishirini za wachoraji hazirudishi ajira za kiwanda cha nguo.

Sasa tuje kwenye bei. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba ya vyumba viwili inauzwa shilingi milioni 80. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa hadi shilingi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025. Mtumishi huyo akiweka mshahara wake wote, asile, asipande basi, asisomeshe, atamaliza kulipa baada ya miezi 160, yaani miaka kumi na tatu na miezi minne. Hiyo ni kabla ya riba, na riba ya mikopo ya nyumba kwetu imezoea kuwa ya tarakimu mbili. Kwa hiyo anayesema tunajenga Kawe ili kupunguza msongamano wa Chanika anapaswa kueleza ni nani hasa kutoka Chanika atakayehamia. Kama wanunuzi ni wale waliokuwa na nyumba Mbezi Beach tayari, hoja ya sensa niliyoitaja juu inapungua uzito.

Baada ya kuzipima pande zote, msimamo wangu ni kwamba ijengwe. Siwezi kumwambia kijana anayepanga chumba Mbagala kwamba magugu yana haki kuliko yeye. Ila ninapotofautiana na wajenzi ni juu ya wakati ambao umma unapaswa kuketi mezani, na wakati huo huwa tunaulala.

Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaeleza hivyo. Mwenye hati ana haki ya kutumia ardhi kwa muda uliotajwa na kwa matumizi yaliyotajwa. Kiwanda kilipewa ekari zile kwa sababu kilikuwa kiwanda. Akitaka kuweka fleti au maduka, mwenye hati lazima aombe idhini ya kubadili matumizi kwa mamlaka ya mipango, kama Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inavyotaka. Siku idhini hiyo inaposainiwa, thamani ya ardhi inaruka mara kadhaa. Mwenye hati hajapaka hata rangi ukuta. Barabara ya mwendokasi imejengwa kwa fedha ya umma, watu milioni wameongezeka, afisa ametia saini, na faida imeingia mfukoni mwa mmoja.

Ukumbuke pia viwanda vingi vilivyobinafsishwa miaka ya 1990 viliuzwa kwa bei ya kiwanda mgonjwa, kwa ahadi kwamba mnunuzi atakifufua. Baadhi viligeuzwa maghala, vingine vikanyamaza kabisa, mpaka serikali ikaanza kuvirudisha mikononi mwake. Anayeomba kugeuza kiwanda cha namna hiyo kuwa jengo la biashara anaomba asamehewe ahadi ile. Msamaha huo una bei, na mahali pa kuidai ni kwenye saini: sehemu fulani ya mabanda ibaki karakana za kupangishwa kwa kodi inayolipika, mafao ya wafanyakazi wa zamani yasiyolipwa yatangulie mbele ya msingi wa jengo, majibu ya udongo yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, na nyumba kadhaa zipangishwe badala ya kuuzwa. Wawekezaji watasema masharti yatawakimbiza. Yapo yatakayowakimbiza kweli, na ukidai nusu ya eneo huenda usijengewe chochote. Lakini kwa kiwanja kama cha Urafiki, kilicho kando ya Barabara ya Morogoro, na kituo cha mwendokasi mlangoni, sioni mwekezaji atakayekimbia kwa kuombwa mabanda mawili.

Kawe ni rahisi zaidi, kwa kuwa mjenzi ni shirika la umma na hakuna wa kumbembeleza. Nyumba 560 za awamu ya kwanza haziwezi kumaliza ekari zaidi ya 260, hata ukijumlisha zile 422 za jirani. Nafasi ipo. Mchoro wa awamu zinazofuata utakapowekwa wazi, nitatafuta kwanza soko, kisha karakana, kisha nyumba za kupanga. Mwishoni kabisa nitatafuta kama kuna ukuta hata mmoja wa Tanganyika Packers ambao msanifu aliuzungushia kalamu akaandika: usibomolewe.