Nimekuja kunyoa tu, jamani

Siku hizi hapa Dar, Sinza na Tabata kila kona kuna saluni ya kiume: vioo hadi darini, taa za rangi, kiyoyozi cha kukutia mafua. Sawa, mji unakua. Lakini mbona kunyoa kumegeuka mtego?

Mashine haijawashwa, dada keshauliza: "Kaka, tukufanyie skrabu?" Ukikataa, anakukazia macho usoni kwa huruma, anakuonyesha chunusi ambazo hata mkeo hajawahi kuziona. Halafu piko la ndevu, halafu masaji ya mabega. Ukinyamaza kidogo wamehesabu umekubali. Taulo la moto liko usoni, utapingaje? Kufika kaunta, shilingi 5,000 imezaa 25,000. Na bango la bei? Halipo! Hela ya viti vya ngozi wamepata, karatasi ya bei imewashinda. Mzee wa chini ya mwembe, na chupa yake ya spiriti, alikuwa na swali moja tu: kipara au panki?

Kinyozi mwenyewe fundi, simkatai. Mstari wa paji anauchonga ukanyooka. Ila anauchonga simu ikiwa kaibana begani, anagombana na mtu kuhusu mkeka wa kubeti mechi za Jumamosi, na wembe uko sikioni kwangu.