Kiatu cha Watu, Bahari ya Watu

Viatu vyenyewe havikuwa vyangu. Mwenzangu wa chumbani kule Cairo, mtu wa Dodoma, aliniazima ili nisimwaibishe kwa kwenda Iskandaria na ndara. Nikashuka treni, moja kwa moja hadi ngome ya Qaitbay, iliyoanza kujengwa na sultani wa Kimamluki mwaka 1477 palepale uliposimama mnara wa taa wa Pharos kabla matetemeko ya ardhi hayajauangusha. Nikakaa juu ya mapande ya saruji yanayokinga mawimbi, nikavua viatu. Kimoja kikateleza, chubwi! Kikakwama kwenye upenyo, chini kidogo ya maji. Nakiona, mkono haufiki.

Sikubabaika. Mimi mzaliwa wa Mombasa, na mwezi ulikuwa mpevu: bamvua hiyo, maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Baada ya saa chache maji yatapwa, nitashuka kukiokota. Nikanunua mkate wa maini yenye pilipili na kitunguu saumu, wanaojivunia wenyeji (na wana haki), nikangoja.

Adhuhuri, maji palepale. Alasiri, palepale. Mji ule una watu zaidi ya milioni 5, umebanwa kati ya bahari na ziwa Mariout, na jioni wote humiminika barabara ya pwani kupunga upepo. Nadhani nusu yao walisimama kukitazama kiatu changu kimoja.

Mvuvi mmoja mzee uvumilivu ukamshinda. "Mwanangu, wangoja nini?"

"Maji yapwe, baba."

Akawaita wenzake, nikarudishwa kusema tena. "Mwanangu, Iskandar alipouanzisha mji huu maji yalikuwa hapo. Mpaka leo yako hapo."

Kumbe bahari ile ya Mediterania imefungiwa ndani. Mlango wake wa kutokea bahari kuu, Gibraltar, ni mwembamba, na maji ya Iskandaria hayapandi wala kushuka hata nusu mita. Kwetu siku za bamvua hupita mita 3! Nikaghadhibika: isiyopwa ni bahari au birika?

Mjukuu wake akatupa ndoana. Kwanza akavua soksi ya mtu. Kisha kiatu kikapanda, watu wakapiga makofi, hata bibi harusi aliyekuja kupigwa picha.

Usiku nikamweleza mwenye viatu habari za Gibraltar, kwa kirefu. Akakigeuzageuza kile kilichokunjamana. "Hayo tulifundishwa sekondari, ndugu yangu. Mimi wa Dodoma nayajua. Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Nikamjibu kweli: pwani, naogelea.