Honda Iliyofanyiwa Kazi: Niichukue au Niiache?

Nilifika Ngamiani, hapa Tanga mjini, saa nne asubuhi kama tulivyopatana, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba, na hata kabla sijaizunguka pikipiki niliweka kiganja karibu na silinda. Ilikuwa ya moto. Muuzaji akasema aliitoa mara moja kwenda dukani. Huenda ni kweli. Ila pikipiki yenye shida ya kuwaka asubuhi haioneshi shida hiyo ikishapashwa, na hakuna muuzaji asiyelijua hilo. Nikamwambia, "Kaka, basi tuiache ipoe, tuzungumze." Tukakaa kwenye benchi karibu saa nzima na kahawa na kashata zetu, nikapata nafasi ya kuitazama bila haraka.

Ni Honda XL 125S, zile ndefu nyembamba ambazo wa rika langu tulizizoea chini ya mabwana shamba na mapadri. Au niseme ilikuwa XL. Injini ya sasa ni ya Kichina, ambayo muuzaji anasema ni cc 200. Shokapu za mbele na breki ya diski zimetoka kwenye pikipiki nyingine, na spidomita ilikuja pamoja nazo, kwa hiyo kilomita 8,000 zinazosomeka pale ni historia ya chombo kingine kabisa. Mkono wa nyuma, yaani chuma kinachoshika gurudumu la nyuma, umerefushwa. Ekzosi ni fupi, taa za LED ni nne, siti imeshonwa upya kwa ngozi ya kahawia, na rangi ni mpya kila mahali. Bei anayotaka ni milioni mbili. Mimi naitaka kwa safari za mwisho wa wiki, Pangani na Amani, wala sina mpango wa kuifanyia biashara.

Watu wangu wa karibu wamegawanyika. Shemeji yangu, ambaye amewahi kumiliki bodaboda tatu, anasema chombo kilichofunguliwa na kufungwa upya na mtu usiyemjua ni mbuzi wa kwenye gunia. Kijana wa jirani anasema pikipiki kama ile haiko nyingine Tanga nzima, na kwamba mimi ni mzee mwoga. Wote wawili nawaelewa. Nisichokubaliana nacho ni kwamba kila mmoja anaisema pikipiki nzima, kana kwamba ni kitu kimoja, wakati ile ni kazi tano au sita tofauti zilizofungwa pamoja kwa bolti.

Chukua injini, ambayo ndiyo inayomtisha shemeji kuliko vyote. Injini ya asili ya XL inaendesha valvu zake kwa cheni iliyo ndani, na ikichoka leo utahangaika kupata vipuri, na ukivipata vitakuwa ghali. Injini za Kichina za aina hii zimetokana na Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, ambayo Honda waliibuni wakiwafikiria watu wa nchi kama zetu, wanaobebesha pikipiki mizigo na kusahau kumwaga oili. Wakaondoa cheni hiyo ya ndani, valvu zikaendeshwa kwa fito. Sura yake si nzuri wala haina mbio, lakini hakuna duka la vipuri mjini hapa litakalokosa ringi zake, plagi yake au kabureta yake. Kwa hiyo aliyeng'oa injini ya Honda akaweka ya Kichina hakuharibu kitu. Aliokoa chombo ambacho kingekuwa kimelala nyuma ya nyumba, kuku wanatagia kwenye tangi. Hapo namuunga mkono kijana wa jirani.

Lakini cc 200? Nikachuchumaa, nikafuta vumbi na grisi kwa kitambaa pale namba ya injini ilipogongwa. Namba za injini hizi huanza na msimbo unaosomeka ukiujua: tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, mbili zinazofuata ni upana wa pistoni kwa milimita. Ya cc 125 huandikwa 156FMI, ya 150 ni 162FMJ, na ya 200 ni 163FML. Hii ilisomeka 162FMJ. Ni cc 150, pistoni ya milimita 62. Nilimwonesha. Akanikazia macho kama mtu aliyeambiwa umri wa mkewe, na naamini hakuwa akinidanganya. Naye aliuziwa kwa jina hilohilo la "mia mbili". Ajabu ni kwamba habari hiyo ilinipa nafuu. Chesesi ya XL ilitengenezwa kubeba cc 125. Kuibebesha 150 ni jambo la kawaida. Kuibebesha 200 yenye pistoni inayopanda na kushuka zaidi ya milimita 60 ni kuiongezea mtetemo ambao haikuutarajia, na mtetemo ndio unaolegeza bolti na kupasua chuma taratibu.

Upande wa pili wa hoja nao una uzito, na shemeji huwa anausahau mwenyewe. Anaposema "bora ununue ambayo haijaguswa", anamaanisha Boxer au TVS iliyotumika, sura yake ileile ya dukani. Hapa kwetu pikipiki ya namna hiyo ikiwa sokoni, mara nyingi imetoka kwenye bodaboda. Na bodaboda hazifanani. Dereva aliye kwenye mkataba anajua mwisho wa malipo chombo ni chake, hivyo anamwaga oili kwa wakati. Dereva wa hesabu ya siku anampelekea tajiri fedha yake jioni, na kelele ya cheni ni ya tajiri. Zote mbili ukizikuta zimeoshwa na kupakwa dawa ya kung'arisha matairi, huwezi kuzitofautisha. Ile ya asili inaficha machovu yake ndani ya sura ya kiwandani, wakati hii Honda angalau inatangaza wazi kwamba imeguswa, nami najua pa kuanzia kuuliza.

Basi tukaanza kuuliza. Nilitoa kwenye mfuko mshipi wa kuvulia, nilioununua kwa wavuvi pale Deep Sea, mita nne. Ukiufunga nyuma ya tairi la nyuma, chini kidogo ya ekseli, ukauvuta hadi mbele pande zote mbili, utaona kama magurudumu yamo kwenye mstari mmoja. Mkono wa nyuma ukirefushwa na mtu anayekadiria kwa jicho, gurudumu hukaa upande, na pikipiki hukimbia kama mbwa, kichwa huku kiuno kule. Wapita njia wawili walisimama kutazama, mmoja akauliza kama tunapima kiwanja. Mshipi uligusa tairi la nyuma mbele na nyuma, na kule mbele ukaacha nafasi sawa kushoto na kulia, tofauti isiyofika unene wa shilingi. Aliyerefusha mkono ule anajua kazi. Mishono yake ya kuchomelea imepangana kama magamba ya samaki, hakuna donge wala tundu.

Waya, kwa upande mwingine, ni aibu. Taa nne zimeungwa moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi, kwa gundi ya selotepu. Magneti ya injini ndogo ina kikomo cha umeme inaoutoa, na taa za ziada zikiwaka huku umekwama Muheza na betri imekufa ndipo utakapoelewa. Lakini hilo ni la kung'oa na kutupa, kazi ya siku moja. Sikulihesabu sana. Kelele ya ekzosi nayo ni hivyo; ni ya kunigombanisha na trafiki na mama mkwe, inabadilishwa.

Jambo ambalo halibadilishwi kirahisi ni karatasi. Kadi inasema Honda, cc 125, rangi nyekundu, na ina namba ya chesesi na ya injini. Namba ya chesesi inalingana. Ya injini, bila shaka, hailingani, kwa sababu injini ile haipo tena. Mabadiliko ya injini na rangi yalitakiwa kupelekwa TRA yakaandikwe, na hayakupelekwa. Wengine watasema hiyo ndiyo Tanzania, nani anahangaika? Mimi nasema mwenye kuhangaika ni yule aliyeshika usukani siku hiyo. Askari akisimamisha akakuta namba ya injini si ya kwenye kadi, swali lake la kwanza litakuwa injini hii umeipata wapi, na hilo ni swali la haki, maana injini za pikipiki zilizoibwa nazo huishia kwenye chesesi za watu. Ukipata ajali, bima ndogo uliyoikata ilikatiwa chombo kilichoandikwa kwenye kadi. Muuzaji akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki wenye risiti ya EFD ya duka alikonunua injini, ikiwa mpya kabisa, alivyosema. Risiti imefifia. Ukiielekeza juani unaona jina la duka na nusu ya tarehe, mengine meupe kama karatasi ya sigara. Ni bora kuliko kutokuwa nayo, lakini sitakwenda nayo TRA kama ilivyo. Nilimwambia kubadili taarifa za kadi ni juu yake, kabla hatujabadilisha umiliki, au gharama yake ikatwe kwenye bei. Alikubali haraka mno. Ningefurahi angebisha kidogo.

Kisha nikamwuliza swali ambalo kwangu ndilo kubwa: brekishuu za nyuma ni za pikipiki gani? Hajui. Beringi za mbele namba ngapi? Hajui. Shokapu zimetoka kwenye nini? "Fundi anajua." Hapa ndipo hofu yangu ilipo. Ukinunua TVS, ukaharibikiwa Amani mlimani, kijana yeyote wa kijiweni anaijua. Ukinunua chombo kilichounganishwa kutoka vyombo vinne, kitabu chake kiko kichwani mwa mtu mmoja. Mtu huyo akihama, akikasirika, au akisahau, umebaki na fumbo lenye matairi mawili. Kwa hiyo milioni mbili zile, sehemu yake kubwa ni ya kumnunua fundi. Nikaomba nipelekwe kwake.

Gereji yake iko Makorora, chini ya mwarobaini, bati mbili na meza moja. Ni mzee wa makamo, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Nilimwamkia, akaitikia bila kuacha kazi. Nilipomtajia ile Honda ya "mia mbili" akacheka. "Nani kakwambia mia mbili? Mia na hamsini hiyo, mwanangu, niliifunga mwenyewe." Kisha, huku akisafisha kabureta ya mtu mwingine kwa petroli, akanisomea pikipiki nzima kama anayesoma barua: cheni 428, beringi za mbele 6301, brekishuu za CG, shokapu za mbele za SanLG iliyogongwa ubavuni, sproketi ya nyuma ameipunguza meno ili isipige kelele barabarani, ndiyo maana itakuwa nzito kidogo kupanda Amani. Nikayaandika yote kwenye simu. Baba yangu alikuwa na fundi wa baiskeli wa namna hii, aliyeijua Phoenix yake kuliko alivyowajua wanawe, na nakiri nilishaanza kuona ile Honda kuwa yangu.

Nilipokuwa naaga, nikauliza tu, kwa kukamilisha: "Na ile shingo, pale chesesi inaposhika usukani, kuna rangi nene kidogo kushoto. Uliongeza nini pale?"

Akaacha kabureta. "Shingo sikuigusa. Ilikuja hivyo hivyo, imeshapakwa."

Kwa hiyo mambo yamepinduka. Injini iliyomtisha kila mtu haina neno. Mkono wa nyuma, ambao ungenitisha mimi, una kazi nzuri kuliko ya kiwandani. Mahali ambapo hakuna aliyepataja, ambapo uzito wote wa breki ya mbele unaishia, ndipo penye rangi nene isiyo na mwenyewe. Na diski ina nguvu kuliko breki ya zamani, maana yake kila unapofunga breki, pale panasukumwa zaidi ya ilivyokusudiwa. Rangi nene huweza kuficha mahali palipovunjika pakachomelewa, na joto la kuchomelea hudhoofisha chuma kilicho pembeni ya mshono, hata mshono wenyewe ukiwa imara, na ufa wa shingo hautoi taarifa mapema kama cheni iliyolegea.

Nimerudi kwa muuzaji jioni ile. Sikumlaumu, maana sidhani kama anajua. Nimemwomba jambo moja: aniruhusu nikwangue rangi pale shingoni, eneo la viganja viwili, na rangi ya kurudishia nitanunua mimi, ninunue pikipiki au nisinunue. Alifikiri, akamtazama mkewe mlangoni, akakubali. Nikikuta ni kipande cha kushikia tangi, au kutu iliyozibwa, nitampa milioni moja na laki saba akiwa ameshamaliza mambo ya kadi, nami nitakuwa mteja wa yule mzee wa Makorora hadi mmoja wetu achoke. Nikikuta mshono unaozunguka bomba, sitaichukua hata kwa laki tano, na nitamshauri asimuuzie mtu mwingine kabla ya kubadilisha chesesi. Msasa wa namba 80 uko kwenye begi, na tumepatana kesho saa mbili, kabla hajaiwasha.