Dawa za presha kwa kijana: figo zinauliwa na nani?

Hapa Mombasa kijana wa miaka 30 akikutwa na presha ya 150 kwa 95, barazani ataambiwa usiguse hizo dawa, ukianza hutoki na figo zitakufa. Daktari nae anamwambia aanze. Mimi niko upande wa daktari, ila hawa wa barazani wasidharauliwe.

Ni kweli kipimo kimoja hakitoshi. Mtu katoka mbio feri ya Likoni, kanywa kahawa chungu, hajakaa hata dakika ashafungwa mashine mkononi, lazima isome juu. Yatakiwa utulie dakika 5, upimwe zaidi ya mara moja na siku tofauti. Na mwenye 142 kwa namba ya juu anaweza kuishusha kwa kupunguza chumvi, uzito, pombe na miraa, madaktari wenyewe mara nyingi humpa miezi kadhaa ajaribu. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi ni hili la figo. Kila anaelisema ana mfano wake, fulani alikuwa anameza dawa za presha na sasa yuko kwa dialisisi, anasafishwa damu kwa mashine, mara mbili kwa wiki. Sawa, lakini alianza dawa lini? Wengi huanza presha ishatembea nao miaka, hawaumwi kichwa wala kizunguzungu, na miaka yote hiyo mishipa midogo ya figo yapigwa na kukakamaa. Dawa imekuja mwisho halafu ndo inabeba lawama. Na kwa kijana pengine figo ndo iliyoanza kuugua ikapandisha presha, ndo maana hupimwa mkojo na damu. Losartan, moja ya hizo dawa za presha, yenyewe hutumika kuzilinda figo, ila mjamzito haimfai kabisa. Wakati huo huo kijana anaebeba mizigo anakula diclofenac, dawa ya maumivu, kila siku kwa ajili ya mgongo, na hiyo ndo yaweza kupandisha presha na kuumiza figo, lakini hakuna anaeiogopa!

Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta asilimia 56 ya Wakenya wa miaka 18 hadi 69 hawajawahi kupimwa presha maishani. Yaani zaidi ya nusu. Hebu fikiria, hawa wakiharibika figo hakuna atakaesema ni dawa, hawakumeza hata kidonge, na hakuna atakaesema ni presha manake haikupimwa, kwa hivyo barazani hawasimuliwi kabisa. Tunaowasimulia ni wale waliopimwa tu, halafu twahukumu dawa kwa hesabu hiyo.

Kuhusu nguvu za kiume, baadhi ya dawa huzipunguza, kweli, na presha yenyewe pia. Amlodipine, dawa nyingine ya presha, nayo huwavimbisha wengine miguu. Hayo aambiwe mapema, siku ile ile anapoandikiwa, na aambiwe pia kwamba dawa hubadilishwa na dozi yaweza kupunguzwa uzito ukishuka, manake asipoambiwa atazitupa kimya kimya na hatarudi kliniki.