Simu ya bei nafuu au kifaa maalumu: kutafuta njia kwa setilaiti kwa mwenye mfuko mdogo

Mtu anayejiandaa kwenda mahali asipopajua, tuseme anatoka Handeni kwa pikipiki kuingia vijiji vya ndani vya Kilindi, hupewa ushauri wa aina mbili. Wapo wanaomwambia kwamba simu aliyo nayo mfukoni inatosha, apakue ramani na aondoke. Wapo pia wanaomwonya kwamba simu ni chombo cha mjini, na kwamba mwenye kutegemea setilaiti porini au baharini sharti anunue kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Nimetumia vyote viwili, na naona kila upande una haki mahali fulani. Lakini wote wawili hubishania bei ya kifaa, ilhali kinachomfikisha au kumpoteza msafiri mara nyingi ni kazi aliyoifanya, au aliyoiacha, nyumbani kabla ya kuondoka.

Ipo dhana moja inayowagharimu watu wengi, nayo ni kwamba GPS, yaani mfumo wa kujua mahali kwa setilaiti, inakula bando. Setilaiti za GPS, ambazo ni mali ya Marekani, huzunguka kwenye kimo cha takribani kilomita 20,200 zikitangaza saa na mahali zilipo, na simu huzisikiliza kama redio inavyosikiliza kituo, bila kutuma chochote na bila kulipa chochote. Ikizisikia nne kwa pamoja, huweza kukokotoa ilipo. Hadi mwaka 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiyapunguzia usahihi kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, hata kosa likaweza kufika mita 100. Mwezi Mei mwaka huo ilikomesha utaratibu huo, na tangu hapo vifaa vya mkononi vikawa na maana kwa mtu wa kawaida. Simu nyingi za leo, hata zile zisizo za bei kubwa, husikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na penye anga wazi kosa lake huwa la mita tano hivi. Kinachokula bando ni ramani. Simu inayojua kwa usahihi kwamba iko kwenye latitudo fulani na longitudo fulani, lakini haina mchoro wa barabara wa kukuonyesha, itakupa kitone cha buluu katikati ya ukurasa mtupu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye fedha kidogo linahusu ramani ipi aiweke ndani ya simu. Google Maps ina nguvu isiyopingika mjini: inajua maduka, inajua foleni ya Ubungo, na watu wameizoea. Huruhusu pia kupakua eneo na kulitumia bila intaneti, lakini hapo huwa imepungua, kwa sababu nje ya mtandao hutoa maelekezo ya gari peke yake, haimwongozi anayetembea kwa miguu, haina habari za foleni, na ramani iliyopakuliwa huisha muda wake isipohuishwa. Kwa mtu anayekaa wiki nyingi mahali pasipo na mnara wa simu, au anayeiacha gari mwisho wa barabara na kuendelea kwa miguu, huo ni upungufu mkubwa.

Njia ya pili ni programu zinazotumia OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Organic Maps na OsmAnd ndizo ninazozipendekeza zaidi. Ya kwanza ni nyepesi, ni ya bure na haina matangazo. Ya pili ina mambo mengi zaidi, ingawa toleo lake la bure huweka kikomo cha idadi ya ramani unazoweza kupakua. Ukishapakua eneo lako, programu hutafuta mahali na kukokotoa njia ndani ya simu yenyewe, iwe ya gari, baiskeli au miguu. Faili za ramani zinaweza kufika mamia ya megabaiti, hivyo ni vema kuzipakua penye Wi-Fi ya ofisini au ya rafiki, na kuhakikisha kwanza kwamba simu ina nafasi.

Udhaifu wa ramani huria unajulikana: ni nzuri kwa kadiri ya watu waliojitolea kuichora. Lakini hapa kwetu hoja hiyo ina upande wa pili ambao wakosoaji huupita haraka. Kibera ya Nairobi, pamoja na wingi wa watu wake, haikuwa na ramani ya wazi yenye maana hadi vijana wa hapo hapo walipoanza kuichora mwaka 2009 wakiwa na vifaa vya GPS vya mkononi. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu, pamoja na wakazi, kuchora mitaa na mifereji ya maji kwa ajili ya kukabiliana na mafuriko. Mwaka huo huo walianza Crowd2Map, wanaochora vijiji vya Tanzania, na sababu moja ya kazi yao ilikuwa kuwasaidia wahudumu wa nyumba salama kule Mugumu, Serengeti, kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji. Ndiyo maana katika baadhi ya mitaa isiyopimwa utakuta vichochoro na vituo vya maji vimewekwa kwa uangalifu kwenye ramani huria, na kisha ukaenda wilaya nyingine ukakuta barabara kuu moja na jina la kijiji lililoandikwa kilomita mbili kutoka kilipo. Msafiri hana budi kuikagua ramani ya njia yake kipande kwa kipande kabla ya kuiamini.

Wanaotetea kifaa maalumu huanza na betri, na hapo wana haki kamili. Kifaa kama Garmin eTrex, chenye ukubwa wa kiganja, hufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa betri mbili ndogo za kawaida zinazouzwa kwenye duka la kijijini. Simu yenye skrini iliyowaka kutwa, kwenye jua, haiwezi kushindana nacho. Kifaa hicho hustahimili maji, vitufe vyake hubonyezwa hata kwa mkono uliolowa, na skrini yake husomeka vizuri juani.

Lakini sehemu ya pengo hilo huzibwa kwa gharama ndogo. Simu iwekwe kwenye hali ya ndegeni, kwa kuwa mahali pasipo na mnara hupoteza nguvu nyingi ikiutafuta mtandao, na simu nyingi huendelea kupokea GPS katika hali hiyo. Skrini izimwe, iwashwe kwenye njia panda tu. Pawabenki ya wastani hugharimu kiasi kidogo sana kikilinganishwa na bei ya kifaa kipya. Na kifaa chenyewe, hasa cha bei ya chini kabisa, huja na ramani ya dunia iliyo hafifu mno kwa vijiji vyetu. Kwenye aina zenye nafasi ya kuongeza ramani, mnunuzi huishia kuingiza ramani ile ile ya OpenStreetMap kwa kutumia kompyuta, jambo ambalo mwenye simu hulimaliza kwa kubonyeza mara mbili.

Malalamiko mengine dhidi ya simu hutokana na kutoijua inavyofanya kazi. Mtu huwasha simu porini, hungoja nusu dakika, haoni kitone, na kuhitimisha kwamba ni mbovu. Mjini simu hupata habari za mizunguko ya setilaiti kupitia mtandao kwa sekunde chache; bila mtandao lazima izipokee kutoka angani, kwa kasi ya biti 50 tu kwa sekunde. Habari za setilaiti moja huchukua sekunde 30 hivi ikiwa hakuna kikwazo, na orodha kamili ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Dawa yake ni kuiwasha nyumbani kabla ya kuondoka, na huko uendako kusimama uwanjani, mbali na mwembe na bati, bila kutembea, mpaka ipate. Malalamiko ya aina nyingine ni ya haki: baadhi ya simu za bei ya chini hazina dira ndani yake, hivyo mshale huelekea ovyo ukisimama na hutulia ukianza kutembea. Na katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, mawimbi hugonga kuta ndefu kabla ya kufika, na kitone huruka kutoka uchochoro mmoja hadi mwingine. Hapo hata kifaa maalumu hakiponi, na kumwuliza mwenyeji ni haraka zaidi.

Kosa lililo baya zaidi halibagui kifaa, nalo ni kuandika vibaya namba za mahali. Latitudo ya Dar es Salaam ni kama 6.8 kusini, na longitudo yake kama 39.28 mashariki. Mtu akiandika 6.8 na 39.28 bila alama ya kutoa, inayoonyesha kusini, mbele ya namba ya kwanza, amejipeleka Ethiopia. Dakika 30 ni nusu digrii, yaani 6.5, hivyo anayeandika 6.30 akimaanisha digrii 6 na dakika 30 amekosea kwa kilomita 22 hivi. Na anayenakili namba kutoka ramani za zamani za serikali, zilizochorwa kwa mfumo wa zamani wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, bila kuzibadilisha kwenda WGS 84 unaotumiwa na GPS, huweza kuwa nje kwa mita 300. Kwa mtafiti anayetafuta kisima, hiyo ni nusu siku ya kuzunguka.

Kwa safari za nchi kavu, basi, sioni sababu ya mwenye kipato kidogo kununua kifaa cha pili. Simu yake, programu ya bure, pawabenki na mfuko usiopitisha maji vinatosha, mradi ameijaribu njia mara moja akiwa amezima data, karibu na kwake, ambako akipotea hatadhurika.

Baharini msimamo wangu ni tofauti. Mvuvi wa Mafia au Kojani aliyezoea kujua mwamba wake kwa kulinganisha mnazi na mnara wa pwani hupoteza alama hizo ukungu unapotanda au mvua ya masika inapoifunika nchi kavu, na hapo kujua mahali ni suala la uhai. Maji ya chumvi huingia kwenye tundu la kuchajia, kidole kilicholowa hakitambuliwi na kioo, na ramani za barabara hazionyeshi kina wala miamba. Wanaosema simu yatosha hata huko hutoa mifano ya siku bahari ilipotulia. Ningewashauri wenye mashua moja wachangie kifaa kimoja kisichopitisha maji, pamoja na betri za akiba zilizofungwa ndani ya chupa kavu, na kabla ya kuondoka waweke alama ya mlango wa bandari wakiwa wamesimama hapo hapo mlangoni, wasiikisie kwenye ramani usiku wakiwa nje.